Sinema ya Saa Sita Mchana

Kaveke alikuwa fundi wa turubai pale Tawa. Alishona mahema ya harusi na ya matanga, vifuniko vya malori, na mapazia ya makanisa ambayo yameezekwa mabati lakini hayajapata ukuta wa mbele. Sifa yake ilikuwa moja: turubai alilolivuta yeye halikuwa na mkunjo. Upepo wa Agosti ukiteremka kutoka vilima vya Mbooni, mahema ya mafundi wengine yalivimba na kupigapiga mpaka wageni wakashindwa kusikia mahubiri. La Kaveke lilivuma kidogo tu, likatulia.

Mtu wa sinema alikuwa mumewe, Nthiwa. Alifanya kazi na kikundi cha injili cha Pasta Gathua, mtu wa Murang'a ambaye wazazi wake walihamia Emali akiwa mdogo, akajifunza Kikamba sokoni mpaka watu wakasahau kwamba hakuzaliwa nacho. Gathua alikuwa na pikapu, jenereta na projekta. Walizunguka Makueni na Kitui, leo uwanja wa kanisa hili, kesho wa lile, na jua likizama wanatundika kitambaa cheupe kati ya nguzo mbili. Filamu zao zilikuwa za hadithi za Biblia, za kilimo, za malezi ya watoto. Nyingi zilizungumza Kiingereza, kwa hiyo Nthiwa aliwasha mashine, akashika maikrofoni na kuwasimulia watu kwa Kikamba kinachoendelea kwenye filamu. Alikuwa na sauti nzito isiyo na haraka, na watu wa Zombe walikuwa wakimwita Mwenye Picha.

Ni hapo Zombe mambo yalipoharibika. Jioni moja, giza likianza kushika, Nthiwa alitoka kwenye projekta kwenda kuongeza mafuta kwenye jenereta. Kanisa lilikuwa limechimba mtaro wa msingi wa jengo jipya. Nthiwa aliingia mtaroni mzima mzima, na mkono wake ukavuta kebo, na kebo ikavuta projekta ikaanguka chini. Watu walicheka, kisha wakaacha.

Gathua alimulika tochi mtaroni. "Mzee, hukuuona mtaro?"

"Niliuona."

"Uliuona ukaingia?"

Nthiwa alikuwa ameketi kwenye udongo, bado ameshika kebo. Baadaye ilijulikana kwamba kebo hiyo ndiyo iliyokuwa ikimwongoza muda wote. Kila jioni aliilaza chini mwenyewe kutoka kwenye jenereta hadi kwenye projekta, na giza likiingia aliifuata kwa mguu kama mtu anayefuata ukingo wa barabara. Siku hiyo mtu fulani alikuwa ameisogeza ili kina mama wapate mahali pa kuketi.

Kaveke alimpeleka Kitui kwa daktari wa macho. Daktari, mwanamke mwenye kuongea polepole, alimfunika Nthiwa jicho moja, akamwonyesha vidole kutoka pembeni, akarudia na jicho la pili. Kisha akaeleza. Ugonjwa huu, alisema, huanza na usiku. Halafu hula kingo za macho mchana, mtu akawa anaona katikati tu, kama anayechungulia kwenye bomba. Na bomba lenyewe huwa jembamba kila mwaka.

"Dawa iko?" Kaveke aliuliza.

"Hakuna ya kumpa, mama. Ningekuwa nayo ningempa."

"Na litaziba lini?"

"Kila mtu na macho yake. Wengine hukaa miaka mingi."

Njiani kurudi hawakuzungumza juu ya jambo hilo. Walizungumza juu ya bei ya ndengu.

Nyumbani, Nthiwa akawa mtu wa ajabu machoni pa majirani. Aliweza kutia uzi kwenye sindano ya cherehani mara ya kwanza bila kukosea, kisha akainuka na kujikwaa kwenye karai lililokuwa miguuni pake. Wengine walisema anajifanya ili asiende shambani. Kaveke aliwasikia na hakuwalaumu, maana hata yeye siku za mwanzo aliwahi kufikiri hivyo.

Pasta Gathua alikuja Tawa siku moja, akanywa chai, akazunguka maneno mpaka chai ikaisha. Kisha akasema kwamba amepata projekta nyingine, na kwamba kazi ya jioni inahitaji mtu anayeona jioni.

"Kwani sinema lazima iwe jioni?" Kaveke aliuliza.

"Mchana jua linameza picha, Mama Nzau. Hata ndani ya kanisa tunaziba madirisha." Nzau alikuwa mtoto wao wa kwanza, aliyekuwa akiishi Machakos.

"Na mtu akilizuia hilo jua?"

Gathua alifikiri kidogo. "Utalizuia na nini?"

Kaveke alikuwa ameliona jibu wiki hiyo hiyo mbele ya kibanda chake bila kujua kwamba ni jibu. Wanawake wawili walikuwa wakitazama video ya harusi kwenye simu, na kwa kuwa jua lilikuwa kali walijifunika leso moja vichwani, simu ikawa ndani pamoja nao. Waliangua kicheko humo ndani kama watu walio chumbani. Alimweleza Gathua. Gathua hakucheka, wala hakukubali. Alirudi kwenye pikapu akaleta ile projekta iliyoanguka Zombe. Lenzi ilikuwa na ufa pembeni, lakini taa ilikuwa inawaka.

"Jaribu na hii," alisema. "Ikifa, ilikuwa imeshakufa."

Kaveke alianza na mifupa. Alimwambia fundi wa vyuma amchomee fremu ndefu kama kitanda na nusu, akaivisha turubai jeusi pande zote, na upande wa mbele akaacha dirisha la skrini. Projekta ilikaa nyuma, ndani ya giza, ikimulika skrini kutoka nyuma. Watu wangesimama nje, mbele, na kuona picha ikitokeza upande wao. Mbele ya dirisha aliongeza kofia, turubai lililotokeza mbali kama baraza, ili jua lisiiguse skrini.

Skrini yenyewe ilimsumbua. Shuka lilimeza mwanga wote. Nailoni nyembamba ilipitisha mwanga kupita kiasi, taa ya projekta ikaonekana katikati ya picha kama jua la pili, na kila mtu wa filamu aliyepita hapo akawa na jua usoni. Mwishowe alijaribu kipande cha nailoni ya kitalu cha nyanya, ile nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Aliivuta kwenye fremu kwa kamba, kona kwa kona, mpaka ikalia ilipoguswa kwa kidole. Picha ikatulia juu yake.

Nthiwa aliketi mbele, akatazama kwa muda. "Mama Nzau," alisema, "hawa watu wa filamu wanaandika kwa mkono wa kushoto."

Ilikuwa kweli. Maandishi yote yalikuwa kinyume, kwa sababu walikuwa wanayatazama kutoka nyuma. Kaveke alitoa kioo cha kabati chumbani kwao, akakisimamisha kwa mshazari ndani ya boksi hilo la turubai, na kuigeuza projekta imulike kioo badala ya skrini. Maandishi yakanyooka. Zaidi ya hayo, kwa kuwa mwanga sasa ulikwenda na kurudi, boksi lingeweza kuwa fupi karibu nusu. Hilo hakuwa amelitarajia, na aliketi kwenye ndoo akilifurahia peke yake.

Lakini sasa kila uso kwenye picha ulikuwa na kivuli chake, kana kwamba kila mtu ameandamana na pacha mwembamba. Ni Gathua aliyegundua sababu. Alikwaruza kioo kwa kucha na kusema kwamba rangi ya fedha iko nyuma ya kioo, na kioo chenyewe mbele kinaakisi kidogo pia, ndiyo maana picha ni mbili. Wiki iliyofuata alileta karatasi ya plastiki inayong'aa, isiyo na kioo mbele yake, kutoka kwenye jiko la kupikia kwa jua ambalo mradi fulani uligawa na watu wakalitumia kuanikia mboga. Karatasi hiyo ilihitaji mtu wa kuivuta bila mkunjo hata mmoja. Kaveke aliivuta. Pacha wakaondoka.

Bado kulikuwa na joto. Jua la Tawa juu ya turubai jeusi liliifanya projekta ijizime yenyewe baada ya muda mfupi. Kaveke akatoboa matundu juu na chini, akayashonea mifereji ya kitambaa iliyopinda kama kiwiko, hewa ikapita na mwanga ukakwama kwenye kona. Kazi hiyo ya mifereji ndiyo aliyoipenda kuliko zote, ingawa hakuna aliyewahi kuiulizia.

Onyesho la kwanza lilikuwa siku ya soko Tawa, saa sita mchana. Nthiwa alishika maikrofoni. Wanawake waliokuwa wakiuza ndengu na maembe waliacha mizigo yao mmoja mmoja, wakaingia chini ya kofia ya turubai na watoto mgongoni. Bibi mmoja alizunguka hadi nyuma ya boksi, akainua pindo la turubai, akachungulia, akarudi mbele.

"Hawa watu mmewafungia humo tangu asubuhi?" aliuliza. "Wamekula?"

Watu walicheka, na bibi mwenyewe alicheka zaidi. Lakini hakuondoka mpaka filamu ikaisha. Alipoulizwa kama hajawahi kuona sinema ya kanisa, alisema sinema ni ya wanaume na vijana, kwa sababu jua likizama yeye yuko jikoni. Wengi waliokuwa pale walisema vivyo hivyo. Gathua aliyasikia hayo akiwa ameegemea pikapu. Tangu siku hiyo alipanga ziara mbili, ya jioni kwa kijana aliyemwajiri karibuni na ya mchana kwa Nthiwa na Kaveke.

Walikwenda kliniki siku za chanjo, mikutano ya chifu, na soko la mifugo la Zombe, ambako wafanyabiashara wa mbuzi walitazama filamu ya magonjwa ya mifugo wakibishana nayo kwa sauti. Kaveke alisimamisha boksi na kuangalia jenereta. Nthiwa aliketi kwenye kigoda chake mbele ya skrini na kusimulia. Alikuwa na raha asiyokuwa nayo zamani. Katika uwanja wa jioni kitambaa kilikuwa kikubwa na giza lilikuwa kubwa zaidi. Hapa picha nzima iliingia ndani ya duara lililobaki machoni mwake.

"Pale sokoni naona kikapu bila mtu," alimwambia mkewe. "Hapa naona mtu na kikapu chake."

Kaveke aliona kwamba kila baada ya miezi kadhaa kigoda kilirudi nyuma kidogo. Alielewa. Duara likipungua, lazima uende mbali ndipo picha nzima iingie. Kigoda kilirudi nyuma mpaka kikatoka kwenye kivuli cha kofia, na Nthiwa akawa anasimulia akiwa juani amevaa kofia ya majani. Kisha msimu mmoja wa mvua ukapita, na siku moja Kaveke akakuta kigoda kimerudi mbele kabisa, karibu na skrini. Moyoni alianza kufikiri kwamba huenda daktari alikosea.

Ukweli ulijulikana Kitui mjini, Jumamosi, mbele ya watu wengi kuliko siku zote. Spika moja ilikuwa imeharibika, kwa hiyo sauti ya filamu ilizimwa ili iliyobaki ibebe maikrofoni peke yake. Gathua alikuwa amesema wataanza na filamu ya mabwawa ya mchanga, yale ya kuhifadhi maji mtoni. Aliweka filamu mwenyewe, akabonyeza, akaenda kusalimiana na wazee wa kanisa.

Kaveke alikuwa nyuma ya boksi, kwenye jenereta, aliposikia sauti ya mumewe.

"Sasa mnaona kina mama wanabeba mawe," Nthiwa alisema. "Wanayapanga mtoni kabla ya mvua. Huyu mmoja ana jiwe kubwa kuliko wenzake."

Watu wakaanza kucheka chini chini. Nthiwa akaendelea na simenti na mchanga. Mwanamume mmoja akapaza sauti, "Mzee, mawe yako wapi?"

Kaveke alizunguka mbele. Kwenye skrini hakukuwa na mto wala mawe. Kulikuwa na nyumba kubwa, mzee mwenye ndevu, na kijana akimfungia punda mizigo. Gathua alikuwa amekosea filamu. Mumewe alikuwa ameikazia picha macho, uso umetulia, akisubiri kicheko kipite ili aendelee na bwawa.

Alichutama kando ya kigoda. "Ni mwana mpotevu," alimnong'oneza kwa Kikamba. "Ameshika punda. Babake amesimama mlangoni."

Maikrofoni ilikuwa kifuani pa Nthiwa, na uwanja mzima ulisikia pumzi zake. Kisha akaiinua.

"Na huyu kijana," alisema, "aliona kazi ya mawe ni nzito. Akamwachia baba yake bwawa, akachukua punda, akaenda kutafuta raha."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko, na yule aliyeulizia mawe akapiga makofi. Kaveke hakuinuka pale alipochutama. Alinong'ona, Nthiwa akasema, mpaka kijana aliporudi nyumbani amechanika nguo na babake akamkimbilia njiani. Wanawake kadhaa walikuwa wakifuta macho. Gathua alisimama nyuma yao na mkono mdomoni.

Walipokuwa wakikunja turubai, wawili peke yao, Kaveke aliuliza, "Tangu lini?"

"Tangu mvua."

"Ya mwaka huu?"

"Ya mwaka jana."

Kaveke alivuta pindo la turubai. "Na kigoda ulikisogeza mbele kwa nini?"

"Pale mbele kuna kivuli," Nthiwa alisema.

Kaveke alikuwa na hasira, na hakujua aipeleke wapi, kwa kuwa kila filamu mumewe alikuwa ameisimulia vizuri, kwa kichwa, na hakuna aliyedhurika. Alikunja turubai vibaya siku hiyo. Nthiwa alilipapasa, akagundua.

Baada ya hapo walifanya kazi ile wawili. Mwanzoni Kaveke hakujua kueleza. Alisema mambo ambayo fundi wa nguo huyaona: begani pameshonwa vibaya, hema hili la Farao limelegea. Nthiwa aliyachukua hayo hayo na kuyapeleka kwenye maikrofoni, na watu wakayapenda. Kidogo kidogo Kaveke akajifunza kusema kwanza nani ameingia, halafu anafanya nini, halafu uso wake ukoje. Nthiwa aliuliza sana juu ya nyuso. Katika miaka yote ya ndoa hawakuwa wamewahi kuzungumza kwa urefu huo.

Boksi halikudumu. Mwaka wa kampeni, lori liliingia Zombe likiwa limebeba ukuta wa taa ndogo ndogo zinazotengeneza picha zenyewe, bila projekta, bila kitambaa, bila giza. Lilisimama katikati ya uwanja jua likiwa utosini, na picha yake ilionekana toka ng'ambo ya barabara. Kaveke aliliendea mpaka karibu. Kwa karibu hakuona kitu, ni vitone vyekundu, vya kijani na vya buluu, kama shanga zilizomwagika. Alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka vitone vikawa meno ya mgombea anayecheka.

Uchaguzi ulipopita, watu wa malori hayo wakakosa kazi, na Gathua akapatana na mmoja wao. Alikuja Tawa kulieleza hilo mwenyewe.

"Mama Nzau, boksi lako lilikuwa zuri."

"Najua," Kaveke alisema.

"Lakini ile inaonekana na watu mia tano."

"Nimeiona. Ni nzuri."

Gathua aligeuza kikombe mkononi. "Watu wanaulizia sauti. Mashine ninayo, sauti sina. Mtakuja?"

Nthiwa alimgeukia mkewe, uso wake ukaelekea kando kidogo ya pale alipokuwa. Kaveke alisema watakuja, isipokuwa siku za harusi, maana baadhi ya Jumamosi ana mahema. Wiki hiyo alilifumua boksi. Turubai jeusi likawa kifuniko cha lori la mchanga, fremu ikabaki nyuma ya nyumba, na karatasi ya kung'aa akaichukua jirani kufukuzia ndege kwenye mtama.

Onyesho lao la kwanza na lori lilikuwa Zombe, baada ya ibada ya Jumapili. Kwa kuwa karibu na ukuta ule hakuna kinachoonekana, hawangeweza kukaa mbele kama walivyozoea. Gathua aliwapa maikrofoni isiyo na waya, akawatafutia viti vya plastiki katikati ya watu, mbali kiasi cha vitone kuungana. Waliozoea kumwona Nthiwa mbele walimtafuta kwa macho wakamkosa. Filamu ikaanza. Kaveke akanong'ona, na sauti ya mumewe ikatoka kwenye spika za lori, huko mbele, kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Mwanamke aliyeketi mbele yao na mtoto mapajani aligeuka akamkazia Kaveke macho.

"Mama, tafadhali," alisema. "Nyamaza kidogo. Tunataka kumsikia huyo mzee."

Kaveke alimwomba msamaha. Alisogeza kiti chake mpaka bega lake likagusa la Nthiwa, akainama, akashusha sauti.